Jiwe la Maili ya Sitini na Tatu

Kambi ya wapima ardhi,
Mpakani mwa Kansas na Oklahoma,
Jumapili, 17 Oktoba 1926.

Dada yangu Verlie,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Naomba zikukute umeshatoka kitandani na sauti yako imerudi, maana mwalimu asiye na sauti watoto humpanda kichwani. Mama naye, kifua kimetulia? Mwambie asipande tena kilimani kuokota kuni mwenyewe. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, ambao asubuhi hukataa kunyooka mpaka niuombe radhi. Leo mvua imenyesha tangu alfajiri, kazi imesimama, nami nimekaa hemani na kurasa zako magotini.

Nimezisoma zote. Unajua mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nimezisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Skeet Lovelady, mwenzangu wa kushika mnyororo wa kupimia, ambaye ni mtu wa Arkansas na mdomo wake haujawahi kupumzika, alinicheka akasema, "Profesa, ukimaliza hicho kitabu nitakuita mheshimiwa gavana." Nilimwambia ni kitabu cha watoto, cha kuwajulisha majimbo ya nchi yao. Akaniuliza Arkansas imeandikwaje. Nilipomsomea akasema umesahau mchele. Basi uongeze mchele.

Missouri umeiandika vizuri. Mito yake ni kweli ina rangi ya kahawa yenye maziwa. Kansas umesema ni tambarare kama meza. Hapana, dada. Upande wa mashariki kuna vilima virefu vya majani matupu. Mawe yako karibu sana chini ya udongo, jembe haliingii, kwa hiyo watu waliwaachia ng'ombe. Ngano yao nyingi ni mbegu waliyokuja nayo Wajerumani waliotoka Urusi, akina mama wakiichambua punje kwa punje kabla ya safari. Watoto watapenda hilo. Na Oklahoma usiandike mafuta ya petroli peke yake. Waambie ile ndiyo nchi waliyopelekwa Wacherokee walipofukuzwa kwenye milima kama yetu, wakaahidiwa kwamba haitaguswa tena, kisha ikaguswa. Nimewaona wajukuu wao. Wanapiga kura, wanalima pamba, wanajua Kiingereza kunishinda.

Ila kwenye ukurasa wa Kansas umeandika kwamba mpaka wake wa kusini ni mstari mmoja ulionyooka, na ukaniuliza pembeni kwa wino mwekundu kama ni sahihi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeupima. Swali hilo nimekaa nalo siku nne. Leo nalijibu.

Kazi yetu iko hivi. Zaidi ya miaka hamsini iliyopita walipita watu na mnyororo kama wetu, nyasi zikiwafika kifuani, na kila maili moja wakazika jiwe lililochongwa namba. Mawe mengine yamepotea. Sisi tumetumwa kuyatafuta na kuunyoosha mpaka upya. Lakini ipo sheria moja, na Bwana Hallam, mpima mkuu wetu, hutukumbusha kila wiki: jiwe la zamani likipatikana, hapo ndipo mpaka ulipo, hata kama waliolizika walikuwa walevi. Likikosekana, tunapima wenyewe na kuweka jipya. Kabla ya kuanza tuliapa sote kwa Biblia kwamba hatutaficha wala kusogeza kitu.

Wiki iliyopita tulifika maili ya sitini na tatu. Pale pana shamba la Lucius Gaither. Lucius ni mtu mweusi. Baba yake alitembea kutoka Tennessee baada ya utumwa, kwa kuwa alisikia Kansas mtu kama yeye ataachwa alime. Mke wake ni Ottilie, binti wa hao hao Wajerumani wa ngano, mweupe kuliko wewe. Wana mabinti wawili wanaosoma shule ya Kansas. Kansas haikatazi ndoa hiyo. Oklahoma inakataza, kama ilivyo kwetu Kentucky, na adhabu yake ni jela, mume na mke wote wawili, na watoto wanahesabiwa kuwa wa nje ya ndoa. Nimeuliza, nimehakikishiwa.

Sasa ukisimama pale, kila kilicho kaskazini ya mpaka ni Kansas. Kwa vipimo vyetu mstari ungepita hatua arobaini kusini ya nyumba yao. Wangekuwa salama. Lakini jirani yao wa upande wa Oklahoma, Burl Stroud, ambaye kisima chake kimekauka na cha Gaither hakijakauka, alikuja na farasi akamwambia Bwana Hallam kwamba jiwe la zamani liko kaskazini, kwenye shamba la viazi nyuma ya nyumba. Alisema baba yake aliliona. Alisema tukilifukua, sherifu wa upande wake atajua la kufanya. Alicheka akasema, "Wataamka asubuhi wamelala jimbo lingine."

Lucius alikuwa amesimama hapo hapo. Alivua kofia, akamwambia Bwana Hallam kwamba ameoa Kansas, amezalia Kansas na kodi analipa Kansas, na hajawahi kusikia mtu akihamishwa bila hata kubeba kiti. Bwana Hallam si mtu mbaya. Alimjibu kwa upole kwamba yeye hachagui. Jiwe ndilo linalosema. Kisha akatugawa. Skeet akachimbe magharibi kwenye ua, mimi nikachimbe kwenye viazi.

Nikueleze ukweli wote, usije ukanipamba. Siku tuliyofika Lucius alituletea maji kwenye kopo. Skeet alikunywa. Mimi nilisema sina kiu, na koo lilikuwa linaniwaka. Unajua tulivyolelewa, tusinywe kutoka mkono wa mtu mweusi. Lucius aliliweka kopo juu ya kigingi akaenda zake. Alipogeuka mgongo nikanywa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa koleo siku ile.

Nilichimba tangu saa mbili asubuhi mpaka karibu saa tisa. Ottilie alikuwa akianika nguo, akimaliza kamba anaanza upya, anazianua zikiwa mbichi na kuzianika tena. Hakunisemesha ila mara moja. Aliniuliza kama nina dada. Nikasema ninaye, mwalimu. Akaniuliza wewe unafundisha nini. Nikamwambia kuhusu kitabu chako cha majimbo. Alikitafakari, akasema binti yake mkubwa ameshachora alizeti, ua la jimbo la Kansas, kwenye kila daftari alilo nalo, hata la hesabu. Akarudi kwenye kamba.

Saa tisa koleo liligonga.

Nilipiga magoti nikasafisha kwa mkono. Mawe ya shambani hayana pembe, hili lilikuwa nazo nne, zimechongwa. Nikapangusa uso wake kwa kofia. Sita, kisha tatu. Sikuweza kujidanganya, maana namba wewe ndiye uliyenifundisha.

Nilibaki nimepiga magoti. Nilimwona Ottilie ameshika shuka, halianiki wala haliangushi. Skeet kule uani akapaza sauti, "Profesa! Umetoboa petroli nini? Usinisahau kwenye utajiri!" Nikasikia mdomo wangu unamjibu kwamba ni mzizi, mzizi mkubwa tu. Akasema, "Basi upike supu." Nikarudisha udongo. Nikaushindilia kwa mguu, nikatupia majani ya viazi juu. Niliifanya kazi hiyo vizuri, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Bwana Hallam alikuja na kitabu chake akaniuliza kama kuna kitu. Nikasema hakuna kitu, bwana. Stroud alikuwepo, akaniambia nichimbe tena, mimi ni mvivu wa milimani na macho yangu yamejaa pombe ya mahindi. Bwana Hallam alimwambia anyamaze. Akasema mimi nimemfanyia kazi miaka mitatu na sijawahi kumdanganya. Ilikuwa kweli, mpaka saa ile. Akaandika kwamba jiwe halikupatikana. Kesho yake tukaweka jipya, hatua arobaini kusini ya nyumba.

Usidhani nimekuwa mtu mwema, Verlie. Nimetafuta sababu safi ya kukuandikia, sijaipata. Nilikuwa nimechoka. Nilifikiri jinsi koleo moja, siku moja, lingevunja nyumba ambayo mimi sina na sitakuwa nayo, kwa sababu tu ya mtu aliyekosea kuhesabu hatua kabla sijazaliwa. Lucius hakunishukuru, na nadhani hajui. Ottilie anajua. Tulipokuwa tukifungasha alipita karibu yangu, akasema viazi vya upande ule mwaka huu hataving'oa.

Jumanne, tarehe 26, tunakwenda mjini. Kila mshika mnyororo atasimama mbele ya karani, mkono juu ya Biblia, athibitishe kwamba kitabu cha Bwana Hallam ni cha kweli. Skeet ataapa bila dhambi. Mimi nitaapa uongo, na nikigundulika ni jela, na jina la Bwana Hallam litachafuka pamoja na langu. Yeye ndiye anayeniuma. Kama kuna mtu ninayemkosea, ni yeye, na wewe uliyenilea nisiseme uongo hata juu ya yai lililovunjika.

Barua hii nitaitia posta Jumatano, kesho yake. Nimepanga hivyo makusudi. Nikiituma kesho, huenda ukaniletea simu ya maandishi, nami sijawahi kuweza kukukatalia neno. Kwa hiyo unaposoma hapa, nimeshaapa.

Uliniuliza kama mpaka umenyooka. Pale maili ya sitini na tatu haukuwa umenyooka. Ulipinda kuelekea kaskazini, na mtu mmoja akaufanya unyooke. Andika unavyoona. Ukitaka kumwandikia Bwana Hallam, anwani yake ninaiweka hapa chini, sitakulaumu wala sitakimbia. Lakini kabla hujaandika, kaa kwanza mahali pa Ottilie, na shuka mkononi.

Msalimie Mama, usimsomee haya. Msalimie mjomba Harlan na wote wanaoniulizia kanisani. Wape wanafunzi wako salamu zangu, na usisahau mchele wa Arkansas.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Orrin Tackett

Bwana E. Hallam, Sanduku la Posta 12, Caldwell, Kansas.