Levina, Uliyekiwekea Kijito Matanga

Mwaka umepita, Levina binti yetu, tangu homa ile ikuchukue, na nyumba hii ya Goweko bado inatushinda bila wewe.

Ulikuwa fundi cherehani kule Gongoni, mjini Tabora, lakini roho yako yote ilikuwa kwenye sanaa ya maigizo. Hukuja nyumbani mikono mitupu hata siku moja. Ulikuwa unacheka kabla hujamaliza kusimulia, nasi tukicheka bila kujua tunachekea nini.

Kilipokauka kijito cha nyuma ya shamba, pale wapagazi wa misafara ya zamani walipokuwa wakitua kunywa maji, ulimwambia baba yako: "Mvua zimebadilika, baba, na miti tumeimaliza kwa kukaushia tumbaku. Mtu akifa tunalia. Mbona hiki hatukililii?" Ulitaka hilo tu, watu wakililie kingali na nafasi ya kurudi.

Basi ukakiwekea matanga. Rafiki yako Wafaa alileta turubai kutoka dukani kwao Gongoni. Ukatandika mkeka juu ya mchanga mkavu, ukajitanda khanga, ukaangua kilio. Majirani wakaja mbio na unga, na kuni pia, kama ilivyo desturi.

"Nani katutoka?" akauliza jirani yetu Bi Tatu.

Ukaonyesha mchanga. Kisha ukazilaza zile kuni mkekani, ukasema, "Msiziwashe. Hizi nazo ni maiti."

Wengine waliondoka wakisonya. Bi Tatu alibaki akalia nawe mpaka jioni.

Ndiyo maana siku yako ilituumiza mara mbili. Mama yako alipiga yowe, majirani wakadhani ni mchezo wako mwingine, hawakuja. Bi Tatu alifika akitabasamu, akaita mlangoni, "Haya Levina, leo tunalilia nini?" Alipokuona ulivyolala, alijitanda khanga akaangua kilio. Hatuwalaumu. Ulilia vizuri mno siku ile ya kijito.

Msimu huu mvua ilinyesha, maji yakapita kijitoni kwa siku chache. Baba yako ndiye aliyeyaona kwanza. Akageukia nyumbani akakuita kwa sauti, "Levina! Njoo uone!" Halafu akakumbuka, akakaa chini palepale kwenye tope. Tulimkuta hapo, tukakaa naye.

Unakumbukwa na baba yako Gerson, mama yako Eustadia, kaka yako Marko, Wafaa na Bi Tatu.

Lala, mama. Hatujazoea, wala hatutazoea.