Unga wa Gunia Lile

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, na paa la banda limeacha kuvuja.

Kuku ndio walionitia wasiwasi. Walizubaa, mabawa yakashuka, wakafa kumi na wawili. Bwana mifugo alimpasua mmoja akanionyesha ini, limepauka kama udongo. "Dada, mahindi unayowalisha yana sumukuvu. Yatupe, na chakula kipya ukitilie manjano, yatalisaidia ini." Nikafanya hivyo, na waliobaki sasa wanachakura.

Jana nikiyamwaga mahindi yale shimoni, nikakukumbuka wewe. Ule unga niliokufungia ulipokuja na mwanao niliusaga kutoka gunia lile lile. Niliyapepeta, nikayachambua, nikaona yametakata.

Simu yako inaita tu tangu jana, hupokei. Nimemwomba dereva wa lori akukabidhi barua hii mkononi. Usiupike! Wala usiseme utatia manjano. Nilimuuliza bwana mifugo, akatikisa kichwa: yanapunguza makali tu, sumu inabaki. Mtoto akizubaa, mkimbize hospitali, usiningoje.

Na kama mko salama, nipigie unitukane mpaka uchoke. Nimeishika simu mkononi.

Dada yako