Kwa Kaka Aliyesema Hana wa Kumzika

Kwako kaka yangu mkubwa,

Neno "mpendwa" nimeliacha makusudi, usidhani nimesahau. Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na Wakongo wote wa mtaa wetu wa Malvern wameshajua kwamba mwana wa kwanza wa Mama hakuonekana makaburini.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka chuoni na kuketi juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, pale dukani Jules Street? Mimi nashona, Mama anapiga pasi, wewe unatufundisha falsafa za Wahindu. Mikondo mikuu ni sita, ulisema, yote inaheshimu Veda, maandiko yao matakatifu, ila kila mmoja una njia yake. Nyaya inadai ushahidi: ukiona moshi mlimani, ujue kuna moto. Vaisheshika inaivunjavunja dunia mpaka chembe zisizogawanyika. Yoga inatuliza akili. Tulipenda kukusikiliza, nakiri. Niliringa mbele ya wateja: huyu ni kaka yangu, anafundisha chuo kikuu.

Siku ya Samkhya Mama aliweka pasi chini. Ulieleza kwamba kuna nafsi inayotazama tu, na kuna maumbile yanayofanya kazi zote.

"Ule mwenye kuangalia tu," Mama akauliza, "ni bwana ya nani?"

Nilicheka hadi nikajidunga sindano. Wewe hukucheka. "Maman, c'est profond," ulisema, yaani hilo ni neno zito.

"Sawa, mutoto yangu. Kamata pasi basi."

Kisha ukaganda kwenye Advaita, tawi la Vedanta linalosema nafsi na Mungu ni kitu kimoja, na mengine tunayaona vibaya, kama mtu anayeona kamba gizani akadhani ni nyoka. Tangu hapo kumpeleka Mama kliniki kukawa maya, mazigazi matupu. Kupanga foleni ya makaratasi yake ya ukimbizi, maya. Sombe yake tu, yale majani ya muhogo, ndiyo haikuwa maya. Hiyo uliimaliza mpaka ukakwangua sufuria.

Siku ya maziko tulikungoja kando ya kaburi. Kwetu mkubwa ndiye hutupa udongo wa kwanza, unajua vizuri. Pasta alifunga Biblia, akaifungua tena. Mjomba akauliza, "Mukubwa iko wapi?" Ndipo ujumbe wako ukaingia: "Nafsi haizaliwi wala haifi. Sina wa kumzika." Niliusoma mara tatu, nikamwambia Mjomba umekwama kwenye foleni ya magari. Nilidanganya mbele ya jeneza la Mama kwa ajili yako. Hilo sikusamehe.

Kinachoniuma ni kwamba hukukosa akili. Ungeshika Dvaita, inayosema nafsi na Mungu ni wawili daima, labda ungepiga magoti. Mimamsa, inayotaka wajibu na ibada zifanywe kama zilivyoagizwa, uliipita mbio kama mtu anayekwepa mdai. Na ni wewe uliyenieleza kwamba hata Advaita haimwondolei mtu wajibu kabla hajaamka kutoka kwenye mazigazi hayo. Wewe umeamka lini? Ulichagua falsafa kama wateja wangu wanavyochagua mshono: ule unaoficha tumbo.

Nakuchukia, na nakukosa pia. Juzi mteja alikaa juu ya meza yangu, nikamfukuza, kisha nikajifungia chooni nikalia. Nimechoka kulilia watu wawili wakati aliyekufa ni mmoja.

Jumamosi tunaondoa matanga. Nguo za Mama ziko kwangu, masanduku mawili, na kwa desturi hakuna anayeyafungua kabla ya mkubwa. Mashangazi wanataka tukungoje hata mwezi. Nimekataa. Nitakungoja mpaka saa nne asubuhi. Usipofika nitafungua mimi, nitagawa mimi, na kuanzia hapo mkubwa wa nyumba hii ni mimi. Mjomba amekubali.

Wala usihuzunike. Kwa mafundisho yako, hakuna aliyepoteza ndugu.

Kwaheri,

Aliyekuwa mdogo wako