Kipande cha Chini ya Usukani

Nyumba ya Nyuma ya Karakana,
Mtaa wa Mafundi.
Jumanne, mwezi wa nne.

Mpendwa mjukuu wangu Kijiti,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Kifua hakijambo? Unakula, au bado unakunywa chai kavu na kuiita chakula? Na miguu yako ile ya mbu, imenenepa huko uliko au ndiyo ileile? Sisi huku hatujambo kwa kujikaza. Goti langu la kulia linanikumbusha kila asubuhi kwamba mimi si msichana tena. Babu yako anakula, analala, anavaa shati mwenyewe na vifungo anavipatia. Zaidi ya hapo sina la kumsifia, na mbele utaona kwa nini.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, mezani jikoni, na mwandiko ni wa darasa la nne kwa sababu huko ndiko nilikoishia. Usinicheke. Herufi zangu ni kubwa, kwa hiyo hata mvivu atazisoma.

Mama yako alikuambia kwa simu usiipande tena ile baiskeli. Ukacheka. Ukasema wazee wana uchungu wa msiba, utawapita. Ukaongeza kwamba unajiandaa kwa mashindano ya kushuka mlima, eti baiskeli ya Babu ndiyo bahati yako. Kijiti, mimi si mtu wa kuchekwa. Ningekupigia mwenyewe, lakini shangazi yako sasa anakaa hapa kwetu, kuta za nyumba hii ni nyembamba, na neno baiskeli hatulitaji mbele yake. Kwa hiyo kaa chini usome. Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu walikuwa wapole. Wewe utavunjika shingo.

Binamu yako Mwewe hakuuawa na mteremko.

Najua ndivyo ulivyoambiwa. Hata sisi ndivyo tulivyoambiana siku ya msiba, kwamba kijana alipenda mwendo, kona ikamshinda. Mama yake mwenyewe, shangazi yako, alikuwa akilia na kusema, "Nilimwambia apunguze, nilimwambia." Kumbe mtoto wa watu hakukosea kitu. Dereva wa lori la mchanga alikuwa nyuma yake, akaja kutueleza baada ya mazishi, kofia mkononi. Njia ilikuwa imenyooka. Mwewe alikuwa amekaa vizuri juu ya tandiko, hata breki hajaigusa. Baiskeli ikakatika chini yake. Usukani na gurudumu la mbele vikabaki mikononi mwake, na sehemu nyingine yote ikaenda zake.

Baiskeli ile alitengenezewa na babu yako, kama wewe.

Mabaki yaliletwa yakatupwa sakafuni karakanani. Babu yako akapiga magoti akayapapasa kama mtu anayetafuta sindano. Akafika pale bomba kubwa la chini linapoingia kwenye shingo ya usukani, akatia ukucha. Ukucha ukazama. Akautoa, akautia tena. Kisha akaniita, sauti ndogo, "Mama watoto, njoo. Humu ndani ni patupu."

Wewe umekulia katika karakana ile, lakini nitakueleza kama mgeni, maana naona yote ulishayasahau. Unakumbuka dirisha lake lilivyozibwa gunia? Wateja walidhani anaficha ufundi. Hakuficha. Rangi ya chuma kilichopata moto husomwa kizani. Yale mabomba yake ni membamba, ndiyo maana baiskeli zake ni nyepesi hata mimi naziinua kwa vidole. Bomba huingia ndani ya kiungo cha chuma, kama mkono ndani ya mkono wa shati, na baina yao pana nafasi ndogo ya wembe. Anapasha moto wa gesi polepole mpaka chuma kiwe chekundu kama pilipili iliyoiva. Hapo akigusa na ufito wa shaba, shaba yenyewe inakimbilia ndani, inanyonywa kama maji kwenye kitambaa. Chuma kikiwa hakijaiva, shaba huganda juu juu na ndani panabaki pakavu. Halafu inapita tupa, inapita msasa, inapita rangi, na kila mtu anasema fundi huyu hana mfano.

Sasa sikia. Kabla ya haya yote babu yako alianza kugombana nami kuhusu mashuka. Eti mashuka yangu yamekuwa ya njano, eti siku hizi sifui vizuri. Mimi! Mashuka yangu mimi, ambayo mtaa mzima unayaonea wivu! Nikayaanika tena, nikamwambia, "Uchafu uko machoni mwako, nenda kwa daktari." Akanijibu, "Jicho la fundi liko kidoleni." Akavimba, akarudi kazini, nami nikavimba nikamnyima maneno mpaka jioni.

Alikuwa na mtoto wa jicho, kila kitu anakiona cha njano na chekundu kabla ya wakati wake. Chuma bado baridi, yeye anaona pilipili. Akawa anaweka shaba juu na kushukuru. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini kifo chenyewe kilikosea mlango, kikamchukua mjukuu.

Kwa daktari wa macho alikwenda baada ya mazishi, nimemshika mkono. Daktari akasema mtoto wa jicho angeweza kutolewa, lakini nyuma yake kuna ugonjwa mwingine ulioua jicho kimyakimya, na huo hautoki. Sasa anaona mwanga wa mlango tu. Hakulia. Aliuliza swali moja, "Ulianza lini?" Daktari akasema hilo hakuna anayeweza kulijua.

Babu yako ameamua atalijua yeye.

Tumekuwa tukizunguka mji mzima, mimi mbele yeye nyuma kashika bega langu, tukizikusanya baiskeli alizotengeneza. Watu wanadhani wazee tumechanganyikiwa. Mwoka mikate alitoa yake bila neno, akatusindikiza mpaka kona. Lakini karani wa stoo ya saruji, yule mwenye tumbo ambaye anavaa nguo za mashindano zinazombana kama soseji, alisimama mlangoni akaikumbatia.

"Mzee, hii nimeipanda mpaka leo, haijalia hata kidogo!"

"Haitalia," babu yako akamwambia. "Itakaa kimya mpaka siku yake."

"Basi niache nayo. Siku yangu ikifika imefika."

Hapo nikaingia mimi. Nikamwambia, "Baba, hiyo siku yako haikuhusu peke yako. Una mke, una watoto, na una tumbo lisilobebwa na watu wanne. Lete hapa." Akaileta. Alilia, mtu mzima yule, akalibusu tandiko.

Kila moja babu yako anaibana kwenye jiriwa, anaikata kwa msumeno wa chuma pale chini ya usukani, anapitisha ukucha kwenye mkato. Ikiwa nzima, ukucha unateleza, chuma na shaba ni kitu kimoja. Ikiwa mbovu, ukucha unazama. Ile ya karani ilizama. Nilimpelekea kile kipande akione kwa macho yake. Alikaa chini palepale kizingitini.

Na hili ndilo jambo ninalokuandikia. Zote zilizotengenezwa kabla ya yako ni nzima. Zote zilizotengenezwa baada ya yako ni tupu, kuanzia ya Mwewe. Yako iko katikati, Kijiti. Yako hatuijui.

Umeelewa sasa? Usiipande. Usiipande mashindanoni, usiipande kwenda dukani, usimwazime rafiki azunguke uwanja. Kama ni lazima ushindane, tafuta zile za siku hizi zisizo na chuma, za kitu kama plastiki, ambazo babu yako anaziita ndoo. Panda ndoo, mjukuu wangu. Aibu ya ndoo hupita.

Najua unachofikiri. Unafikiri baiskeli hiyo ilitengenezwa kwa mwili wako, hakuna nyingine duniani utakayoikalia vile. Kweli. Nakumbuka alivyokusimamisha ukutani akakupima kwa kamba, fundo la paja, fundo la kiwiliwili, fundo la mkono, maana babu yako hapimi kwa karatasi. Kamba yako bado imening'inia kwenye msumari wake. Kila asubuhi anaipapasa kabla hajakaa.

Kamba ya Mwewe ilikuwa jirani na yako. Siku ya msiba seremala wa majeneza alikuja kuuliza urefu wa marehemu. Sisi wote tukatazamana, nani aende akampime? Babu yako akainuka, akapapasa ukuta, akahesabu misumari kwa vidole, akaitoa kamba ya Mwewe bila kukosea. Akampa seremala, akasema, "Tumia hii. Hii ni sahihi." Jeneza lilimkaa mtoto kama alivyokalia baiskeli. Sijamwambia mtu jambo hili mpaka leo.

Shangazi yako anajua yote. Babu yako alimwambia mwenyewe, alikataa nisimsemee. Shangazi yako hakupiga kelele. Alihamia kwetu wiki ileile, na kila siku anampikia baba yake, anamwekea sahani mbele, anasema, "Kijiko kiko kulia." Basi. Hana neno lingine kwake, asubuhi wala jioni. Babu yako anajibu, "Ahsante, mwanangu," na anakula mpaka mwisho hata kama hana njaa. Mimi nakaa katikati yao natafuna kama ng'ombe. Sijui ni adhabu au ni msamaha unaotafuta mlango. Siulizi.

Sasa babu yako ana ombi, nami ninalileta kama nilivyopewa. Anataka uikate pale chini ya usukani, upana wa kiganja, umtumie kipande hicho. Anataka kukigusa mwenyewe. Anasema tangu uondoke alikuwa akijivunia kwamba kuna mtu huko mbali anashuka milima juu ya kazi ya mikono yake, na sasa hawezi kulala kwa sababu hajui alikupa zawadi au alikupa jeneza. Maneno yake hayo, si yangu.

Ikiwa ni nzima, utakuwa umeiua baiskeli nzima, ya mwisho aliyoitengeneza vizuri duniani, na haitatengenezwa nyingine. Hilo analijua. Nilimwambia. Akasema, "Ikiwa ni nzima nitaishika mkononi mpaka nife, itatosha."

Nami, Kijiti, nilipokaa kuandika nilikuwa na wazo langu. Nilitaka nikuambie uikate, utazame, na hata ukikuta patupu, utafute fundi huko akutengenezee kipande kizima ututumie, tumridhishe mzee. Nililitafuna wazo hilo mpaka chai ikapoa. Kisha nikamwona anatoka msalani kwa kupapasa ukuta, na njiani palikuwa na kigoda shangazi yako alikisahau. Nikakimbilia kukiondoa na goti langu hili bovu. Nikajua hapo hapo. Kumdanganya asiyeona ni kumwekea kigoda njiani. Mtu huyu nimegombana naye maisha yangu yote, lakini kigoda sikumwekea akiwa anaona, na sitamwekea leo.

Kwa hiyo tuma kipande hicho kilivyo. Kikiwa kizima, tuma. Kikiwa kitupu, tuma. Usikisugue, usikipake kitu, usiandike maelezo marefu. Ukucha wake utajisomea.

Nisalimie huyo mnayekaa naye chumba kimoja, umwambie akikuona unaipanda akufichie pampu. Mama yako anakusalimu, anasema umwandikie naye, si kila siku simu yenye mikwaruzo. Dereva wa lori amekuwa kama ndugu, hupita kutujulia hali, naye anakusalimu ingawa hakujui. Shangazi yako sikumwambia kwamba nakuandikia, lakini leo asubuhi aliniwekea kalamu mpya karibu na chai, akaondoka. Basi zipokee na zake.

Mungu akulinde barabarani na akupe masikio, maana macho unayo. Miguu yako iguse ardhi salama kila siku, na mkono wako usikose wa kuushika utakapozeeka.

Nikupendaye hata ninapokugombeza,

Bibi yako.

Nilikuwa nalamba bahasha niifunge, babu yako akaniuliza kutoka kwenye kiti chake kama nimeandika mahali pa kukata. Nikasema nimeandika. Akasema, "Ongeza hili. Akiwa anaipeleka kwa mwenye msumeno, asiipande. Hata kama ni karibu. Mwambie aikokote."