Gitaa la Mashoto Limepata Mwenyewe

Saluni, ukuta mmoja na cherehani ya baba yako
Jumapili mchana

Mpendwa mwanangu Mashoto,

Pokea salamu tele za shangazi yako. U mzima? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Na unakula, au bado unakunywa chai ukidhani umekula? Sisi huku wazima, ila goti langu tu, nalo limeshazoea kutajwa katika kila barua.

Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu. Uliniomba niliuze gitaa lako la umeme kabla baba yako hajajikwaa nalo tena stoo na kulitupa. Nikalitundika hapa saluni, kando ya kioo.

Wanunuzi walikuja, mwanangu. Mwalimu wa kwaya aliipenda rangi, akalipakata, akapiga, uso ukamkunjamana kama aliyeuma ndimu. Akasema nyuzi zimepangwa kichwa chini miguu juu. Nikamweleza kwamba ulilinunua mtumba, ukazigeuza nyuzi, ukalichonga tumbo kwa msumeno ili limkae mtu wa mashoto, na swichi moja ukaing'oa kwenye jiko bovu. Nilipofika kwenye jiko akashukuru, akaondoka. Fundi redio naye alitaka vipuri tu, nikamwonyesha mlango. Hata kama ni mkweche, ni mkweche wa mwanangu.

Baba yako alikuwa akisikia yote. Kati yetu kuna ubao mwembamba tu, na cherehani ikinyamaza najua masikio yake yako kazini. Unamjua, tangu mlipopishana maneno kwa ajili ya gitaa hilo hilo, hata jina lako hulimeza.

Sasa sikia. Alhamisi mvua ilinyesha, wateja hakuna, nikatoka kununua sabuni. Kurudi, nikamwona mdogo wangu, baba yako, kwenye kioo, amekaa kiti cha wateja, gitaa mapajani, amelishika kama watu wote wanavyoshika. Nikajisemea, na huyu litamshinda. Kisha nikageuka kumtazama mwenyewe. Kumbe kioo kimenidanganya: alilishika kwa mashoto, kama wewe.

Kuna jambo halizungumzwi nyumbani kwetu. Baba yako alizaliwa na mkono kama wako. Bibi yako alimfinya kila alipoutumia, mezani na kwenye daftari, mpaka akauacha. Ndiyo maana wewe ulipoanza kushika kijiko kwa kushoto mimi sikushangaa. Niliyemshangaa ni yeye, alipokukaripia eti mkono huo umeutoa wapi. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, lakini huyu walidhani tu wamemkunja.

Aliponiona hakuliweka chini. Akasema taratibu, "Dada, mkono huu haujasahau."

Nililia, mwanangu, nikasingizia dawa ya nywele. Yeye hakuwa na cha kusingizia.

Kisha akauliza bei. Nikamtajia yako, nikaongeza na ya usumbufu wangu. Hakupunguza, yeye anayebishania hata bei ya uzi. Basi gitaa nimeliuza, na pesa zako nitazituma kesho. Siku hizi cherehani ikinyamaza ninasikia ting, ting, halafu kimya kirefu, halafu ting. Jirani ameniuliza tumefuga nini.

Mama yako anakusalimu sana, anasema nyumba imepata tena kelele zake. Msusi wangu naye anakusalimu, na bado anadai ulimwahidi harusi, hayo mtayamaliza wenyewe. Mungu akukinge na baridi hiyo, akuzungushie watu wema.

Nilikuwa nafunga bahasha, baba yako akachungulia mlangoni. Ananiagiza nikuulize ile swichi ya jiko inafanya kazi gani, maana ameizungusha kote na haelewi. Nimemwambia nitaandika, na nimeandika. Ila jibu usiniletee mimi. Mpigie yeye.

Wako akupendaye hata usipoijibu barua hii,
Shangazi