Mwaka Mmoja Bila Abibu wa Njia ya Juu

Mwaka umetimia, Abibu, tangu maji ya mto Lofoi yakuchukue. Ilikuwa Jumanne, tarehe 17 Februari 1981. Hatukukuosha, hatukukuvika sanda. Watu walijipanga msikitini wakakusalia salati ya mtu asiyekuwapo, na walipomaliza mama yako, Mama Mawazo, akauliza mbele ya wote: "Sasa miye nitaenda kumutembelea wapi?"

Wengine watakaosoma haya hawakukujua. Ulikuwa fundi wa baiskeli hapa Kamalondo, Lubumbashi, mtu mrefu, mpole, mwenye mafuta ya mnyororo chini ya kucha hata siku ya Idi. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi wa mtaa, wenzako walipokwenda kunawa na kupumzika, wewe uligeuza baiskeli yako juu chini, ukazungusha gurudumu na kulisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Spoki moja ikilegea uliijua kwa sauti.

Lakini jina lako lilitoka milimani. Malori yaliposhindwa na tope la masika, wewe ulipanda baiskeli ukaenda hadi bonde la Lofoi, chini ya Kundelungu, na kurudi na maharage na samaki wakavu. Ulitafuta njia ambazo hakuna aliyekuwa amezipita kwa magurudumu. Njia ya Mawe ilifuata mto. Njia ya Chini ilikata mto kwenye kivuko cha mchanga. Njia ya Juu ilipanda ukingo wa mlima na kumzidishia mtu nusu siku na jasho la siku mbili. Uliwachorea wachuuzi njia hizo kwenye karatasi za mifuko ya saruji, bure. Uliwafundisha kufunga tawi kubwa la mti nyuma ya baiskeli kwenye mteremko, liburuzwe na kuzuia mwendo breki zinapokwisha. Na kila mmoja ulimwambia neno lile lile: "Mvua ikinyesha, upite juu. Usiangalie maji, usihesabu saa. Upite juu."

Ndiyo maana tulipoambiwa umekufa kwenye kivuko cha Njia ya Chini, wakati wa mvua, hatukuelewa. Rafiki yako Chola, mliyekuwa mkisafiri pamoja, alileta baiskeli yako ikiwa nzima. Aliiegemeza ukutani, akasema, "Maji ilimubeba," akaondoka bila kukaa. Hakuja msibani. Baadaye tulisikia amehamia kijiji cha huko bondeni, halimi, hachuuzi.

Mkeo Amida hakulia. Hilo ndilo lililotutia hofu.

Wewe ulizoea kurudi safari siku ya Alhamisi, saa kumi ya mchana, na ulipofika kona ya barabara uligonga kengele mara tatu. Alhamisi ya kwanza baada ya arobaini, Amida alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, uani. Akainuka ghafla, akaweka maji ya kuoga motoni, akatandaza taulo lako kwenye kamba. Mama Mawazo akamuuliza, "Unafanyia nani?" Akasema, "Hamukusikia?" Sisi hatukuwa tumesikia kitu. Baiskeli yako ilikuwa pale pale ukutani, na kengele yake ilikuwa imeshikwa na kutu.

Alhamisi iliyofuata ikawa vile vile, na iliyofuata pia. Maji yalichemka mpaka yakakauka. Amida alianza kukonda. Tuliita watu wa kusoma dua, wakasoma. Hatimaye dada yako Mwajuma akajifungia naye chumbani, wakabaki wawili.

"Unaogopa nini, wifi? Niambie."

"Simuogopi yeye," Amida akasema. "Najua anachotaka. Anataka kuniuliza kwa nini nilimuandikia."

Ndipo akatoa siri. Mlikuwa mmegombana asubuhi ile ulipoondoka. Alikuambia baiskeli ndiyo mke wako, yeye ni mpangaji tu. Siku tatu baadaye aliandika barua, akampa Chola aliyekuwa anakufuata nyuma, na ndani yake akakuamuru urudi kabla ya Ijumaa.

"Alisoma, akafanya haraka, akaacha Njia ya Juu," Amida akasema. "Miye njo nilimuua, Mwajuma. Kwa mukono wangu."

Mwajuma alijaribu kumtuliza, lakini naye aliamini hivyo hivyo. Sote tulikujua. Hapakuwa na sababu nyingine ya wewe kushuka kwenye kile kivuko.

Mwezi wa tano, maji yalipopungua, Amida alisema anakwenda kumwona Chola. Tulimkataza kwa sababu ya hali yake. Hakusikia. Alipakia baiskeli yako kwenye lori la mahindi, Mwajuma akapanda naye, na lori lilipoishia wakashuka wakafuata njia yako. Unakumbuka ulivyomfundisha kuendesha, uani, jirani wakicheka? Alipanda palipopandika, palipomshinda akasukuma. Mwajuma anasema walipita chini ya genge la mawe mekundu, mto ukiwa upande wa kushoto na ukungu haujatoka majini, na nyasi za njia zilikuwa zimelala kana kwamba mtu amepita asubuhi ile. Hawakukutana na mtu.

Walimkuta Chola amekaa mbele ya nyumba ya udongo. Alipoiona baiskeli alisimama, akakaa tena. Hakumtazama Amida usoni.

"Chola," Amida akasema, "sikukuja kukugombeza. Niambie jambo moja tu. Alipita huku chini kwa sababu ya barua yangu?"

Chola aliinuka taratibu. Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha. Ilikuwa imekunjwa mara mbili, imechafuka kwa jasho, na gundi yake haijafunguliwa.

"Sikumupatia," akasema. "Nilimukuta na bantu, tukaanza kucheka, nikasahau. Nikasema nitamupatia njiani, pa kupumzika. Hatukupumzika."

"Sasa kwa nini alishuka?"

"Tulikuwa tayari kule juu, Mama Amida. Mvua inapiga. Tukasikia bantu banalia kwa maji. Bamama babili na infirmière moja, Delphine, na sanduku yake ya dawa, mto umebazunguka kwa mucanga. Nilimuambia, Abibu, ile maji iko kali, hatuwezi. Akaegemeza kinga, hii baiskeli, kwa muti, akafungua kamba ya mizigo, akajifunga kiunoni. Akaniambia, 'Weye shika tu.'"

Uliwatoa wote watatu, mmoja mmoja, ndivyo Chola alivyoeleza. Ulikuwa unarudi wa mwisho, nyuma ya yule wa tatu aliyetangulia kwa kushika kamba, umefika katikati, gogo likaja na maji. Kamba ikavuta. Chola alifungua viganja vyake, na Mwajuma aliona makovu yamekatiza kutoka kidole cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Ilinichoma. Nikaachilia," akasema. "Sikukatikiwa na kamba. Nikaachilia. Njo ile sikuweza kuwaambia."

Amida alimpiga kifuani na ile bahasha, mara moja, mara mbili, akilia kwa mara ya kwanza tangu ufe. "Nimekuwa najiua kila siku," akasema, "na barua iko kwa mufuko yako!" Chola hakujikinga. Amida alipochoka aliketi chini kando yake, na wote wawili wakalia pamoja, na Mwajuma akageuka kuangalia mlima kwa kuwa hakujua aangalie wapi.

Mchana walishuka kivukoni. Maji yalikuwa yanafika magotini tu, safi, unaona kila jiwe. Amida alisimama pembeni ya mto, akachana bahasha, akakusomea. Hatuna aibu kuiandika hapa, kwa sababu ilikuwa yako na hukuipata:

"Abibu, bado nina hasira. Rudi kabla ya Ijumaa kama ungali na nyumba. Kuna jambo sikukuambia kwa sababu ya ugomvi. Nina mimba. Niliipoteza ile ya kwanza wewe ukiwa safarini, hii sitaki kuibeba peke yangu. Pitia njia nzuri. Amida wako."

Alipomaliza, Mwajuma alisikia kengele ya baiskeli, mara tatu, kutoka kwenye genge upande wa pili. Hapakuwa na njia upande ule, ni ukuta wa mawe mtupu. Baiskeli yako ilikuwa imelazwa kwenye nyasi, mbali na mkono wa mtu. Safari hii wote watatu walisikia.

Chola akasema taratibu, "Iko vile. Saa kumi. Mvua ikiwa juu ya mulima inalia hata mara nyingi, na bachuuzi bakiisikia banageuka, banapita juu. Hakuna muntu alikufa hapa tena. Miye nilibaki huku kwa sababu ya ile. Naogopa siku nitaondoka, atanyamaza."

Amida alikaa pale mpaka jua likaondoka kwenye maji. Alikuwa amekuja kukuomba radhi, akajikuta hana la kuombea radhi, na hilo nalo lilimuuma kwa namna yake. Ulikufa na hasira ya asubuhi ile masikioni. Ulikufa hujui. Aliporudi hakuwahi tena kuweka maji motoni siku ya Alhamisi, na sisi hatukumuuliza kama bado anasikia.

Mwezi wa nane, Delphine, yule muuguzi, alikuja kutoka huko alikohamishiwa kazi, akatafuta nyumba yetu mtaa kwa mtaa, akakaa na mama yako siku nzima. Alisema hajui kuogelea mpaka leo. Alisema ulimwambia mtoni asifumbe macho.

Na mwezi wa tisa, tarehe 20, binti yako alizaliwa. Ni mrefu, ana vidole vyako. Anaitwa Feza. Tunakuambia sasa, mbele ya watu, kwa kuwa haki yako ilikuwa uambiwe wa kwanza.

Juma lililopita Chola alishuka mjini. Alisimama nje ya lango na kofia mkononi, hakubisha hodi. Mama Mawazo ndiye aliyemwona. Mama yako hakuwa ametamka jina lake tangu msiba. Alimtazama Chola. Kisha akaingia ndani, akamtoa Feza kitandani, akatoka naye, akamweka mikononi mwa Chola.

"Mushike muzuri," akamwambia. "Uingie, chakula iko."

Hitma itasomwa nyumbani Kamalondo, Ijumaa hii baada ya sala. Wanakukumbuka mama yako Mawazo, mkeo Amida, dada yako Mwajuma, kaka yako Asani na watoto wake, rafiki yako Chola, Delphine na wale mama wawili uliowatoa, na mafundi wote wa Kamalondo.

Anakukumbuka na Feza Abibu, wa miezi mitano, ambaye hamkuonana naye.

Hatutakusahau, Abibu. Daima.