Chui Niliyemwona Peke Yangu

Nuevo Jacinto,
Mto Yarapa.
9 Agosti, 2011.

Mpendwa Dada Dorita,

Hujambo huko Lima? Shemeji Rómulo na watoto hawajambo? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia, au bado kinakusumbua usiku? Sisi huku tu wazima. Mama anasema dawa ya kuchua uliyomtumia imemsaidia magoti, ila macho ya Baba yanazidi kufifia.

Mimi mwili hauna neno, dada. Roho ndiyo mbovu. Nina wivu, na nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani nikifungua tu kinywa, naambiwa nina roho ya kwa nini.

Ni huyu Artemio, mume wa mdogo wetu Nilda. Wewe ulimwona siku ya harusi tu, akicheka na kila mtu. Sasa tunaongoza wageni msituni pamoja. Akishika kasia yeye, fisi maji wanaibuka, kima wanashuka matawi ya chini, wageni wanashangilia. Nikishika mimi, tunaona majani. Juzijuzi nilizunguka na watu kutwa nzima, tukarudi tumeona chura.

Ningevumilia, lakini Baba ametangaza kwamba hawezi tena kwenda peke yake kwenye ule udongo wa chumvi wanakokuja wanyama kulamba. Njia yake unajua haijui mtu mwingine. Babu alimwonyesha yeye tu. Akasema atatupeleka wote wawili na wageni, akae, atusikilize tunavyoongoza, kisha achague wa kumwachia. Achague! Mimi si ndiye mwanawe wa kiume?

Nikaamua kufunga ili siku hiyo chui anitokee, kama walivyofunga wawindaji wa zamani: chumvi sili, pilipili sili, na chandarua kimoja na Zoila silali. Nikanywa maji ya tumbaku hadi nikatapika nyongo. Mke wangu akachoka.

"Haya, funga baba!" akaniambia. "Na huyo chui ukimpata, akupikie yeye."

Siku ikafika. Tukajibanza nyuma ya kiambaza cha makuti, sisi watatu na wageni wanne kutoka Arequipa. Tapiri akatoka, mnene kama nguruwe na pua yake ndefu, pamoja na mtoto wake mwenye mistari, wakaanza kulamba udongo. Nani aliwaona kwanza? Artemio, bila shaka. Wageni wote wakamsogelea, mama mmoja akamshika mkono kabisa, akimnong'oneza, "Ubarikiwe, Artemio, ubarikiwe!" Na Baba, dada, Baba alikuwa anatabasamu.

Nikageuza uso nisiwaone. Ndipo nikamwona chui. Yule wetu mnene, mwenye kichwa kikubwa, amelala juu ya gogo nyuma yetu, analamba kiganja chake taratibu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile tangu nizaliwe. Kilichobaki ni kunyoosha kidole tu.

Sikunyoosha. Nikajiambia, nikimwonyesha sasa, sifa zitakwenda kwa Artemio tena. Watasema leo wana bahati kwa sababu yake. Acha wamkose! Nikanyamaza hadi chui akainuka, akajinyoosha, akapotelea vichakani.

Tulipokuwa mtumbwini tunarudi, wakamsifu Artemio njia nzima. Uzalendo ukanishinda.

"Mimi nimemwona chui," nikasema.

Wakacheka. Mzee mmoja kati ya wageni, aliyekuwa amesikia habari za mfungo wangu, akauliza kama ni ile tumbaku ilikuwa inanichezea macho. Baba hakucheka. Akauliza, "Sasa mbona hukusema, Hildebrando?"

Ndipo Artemio akaacha kupiga kasia. "Shemeji hasemi uongo, Baba. Chui alikuwepo. Mimi nilimwona kabla yake. Nikasema moyoni, huyu nimwachie Hildebrando awaonyeshe yeye, mimi nimeshasifiwa vya kutosha."

Dada, afadhali angenitupa mtoni! Hata kwa wema kanishinda. Nilifunga siku zote zile, nikala ndizi chapwa, nikapewa nilichokitaka, na mwenzangu akakaa kimya anipishe.

Kesho yake asubuhi Baba akachukua panga, akamwita Artemio wakasafishe ile njia. Mimi hakuniita. Walipofika ukingoni mwa msitu Artemio akageuka, akapaza sauti, "Shemeji, unangoja nini? Njoo twende wote!"

Sikwenda. Nilikaa kizingitini nikiangalia mkono wa Baba begani kwa yule mtu, hadi miti ikawaficha.

Msalimie sana Rómulo, na Maruja, na yule mdogo, Teófilo, ambaye bado hatujamwona. Mama na Zoila wanakusalimu. Nilda naye. Artemio pia anakusalimu. Kaja mwenyewe hapa mezani kuniomba niandike, na ameniletea samaki. Mungu awafunike kwa amani, baridi isiwaguse.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Hildebrando